Laini Haisomi

Redio iliyokuja na Probox ilijua Kijapani tu.
Kila nikiwasha gari, mwanamke asiyeonekana alinisalimu kwa adabu,
nami kwa miaka mitatu nikamjibu, "Ahsante, mama,"
bila kujua kama ananiombea au ananitukana.

Nikauza magunia mawili ya dagaa,
nikashuka Mabatini kwa fundi Bahebe,
nikanunua kioo cha inchi tisa, cha Kichina,
chenye tundu la simkadi ubavuni
kama kidonda kilichokataa kufunga.
"Hii," alisema, "ina intaneti yake yenyewe.
Haiombi kwa jirani."

Iliomba.
Iliomba siku tisa.

Siku ya kwanza laini iliingia kichwa chini.
Ya pili ilikaa sawa, ila haikuwa yangu:
ilisajiliwa kwa kidole cha shemeji Lukelesha,
naye alihamia Geita na kidole chake.
Nikapanga foleni Nyakato, nikakandamiza changu.
"Futa kwanza, mzee, kina magamba."
Nikafuta. Mchanga wa kuanikia dagaa
ulishanila mistari yote ya vidole.
Mara ya sita mashine ikanikubali, shingo upande.

Kisha bando. Kisha maneno ya kujaza,
herufi ndogo tupu, bila nafasi, bila nukta mwishoni,
Bahebe akinisomea kwenye simu,
mimi nimeegesha Buzuruga, honi zinanisema.
Kiduara kikazunguka kiooni
kama mbwa anayetafuta pa kulala asipaone.
Juu, pembeni, vijiti vinne vya mtandao, vyote vitupu.
Na saa: tarehe mosi Januari, saa sita na dakika nne usiku.
Nikizima, nikiwasha, mwaka unaanza upya.
Nimekula sikukuu ngapi mwezi ule, bila pilau!

"Simu yako si ina intaneti?" akauliza Kabula, mke wangu.
"Igawie hiyo redio, yaishe."
Nikamwambia siwezi.
Nimenunua ng'ombe; siendi kukopa maziwa.

Aliyeiponya ni Ngollo, msichana anayejifunza kazi kwa Bahebe,
ambaye siku zote tisa nilidhani ameajiriwa kufagia.
Tochi mdomoni, akaibandua dashibodi kwa kisu cha viazi,
akazamisha mkono hadi kiwiko
kama anazalisha ndama,
akatoa nyaya mbili nyeusi, huwezi kuzitofautisha.
"Kulwa na Doto," akasema, tochi bado mdomoni.
"Wa setilaiti kalala kwa mwenzake wa mnara."
Akawarudisha kila mmoja kitandani kwake.

Vijiti vikajaa, kimoja, kimoja,
na saa ikaruka. Ikavuka masika yote na kiangazi,
ikatua Alhamisi, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni,
palepale tulipokuwa tumesimama.
Sijawahi kufurahi vile kuambiwa leo ni leo.

Nikaenda Igombe bila mzigo wala shughuli,
niionyeshe njia ninayoijua kwa makalio.
Nikagusa kioo, nikachagua kijiji cha shangazi Nyamizi.
Sauti ikaja, ya mwanamke tena,
safari hii Kiswahili, kilichonyooka kama rula:
"Kata kushoto. Baada ya mita mia mbili, utakuwa umefika."

Nikafunga breki.
Kushoto palikuwa na ziwa.

Nyumba ya shangazi, choo chake kipya, kaburi la mjomba,
vilikwenda mwaka ule maji yalipopanda yakasahau kushuka.
Shangazi mwenyewe yuko Magu, kwa mwanawe, hapendi kuulizwa.
Lakini kiooni njia bado ipo,
nyeupe, nyembamba, inapita juu ya mawimbi
mpaka mlangoni.

"Kata kushoto," ikarudia, haina hasira.
Vijiti vinne vimejaa. Bando linakwisha taratibu.
Wimbi likaja likalamba tairi la mbele, likarudi.

"Ahsante, mama," nikasema,
nikaitafuta gia ya kurudi nyuma.